Dagaa Dakika Saba

KULWA: Mwadila, wasikilizaji wetu. Mimi ni Kulwa, na hapana, sina Doto, msianze tena kuuliza. Niko na dada Rehema, ambaye leo ameingia humu ndani ananuka soko la samaki la Mwaloni.

REHEMA: Sinuki.

KULWA: Unanuka, dada. Mwalimu wa kwaya ameniuliza kama tumekuja kurekodi au kuuza.

REHEMA: Nimeoga mara mbili. Ni mikono tu, dagaa wakishakuingia kwenye kucha ndiyo basi tena. Haya, ngoja nieleze.

KULWA: Subiri kwanza. Leo tuna mada. Nimeandika hapa kwenye daftari mambo matano ambayo kanisa linapaswa kumfanyia mmisionari liliyemtuma nje ya nchi. Matano. Saa kumi na moja kwaya wanataka chumba chao. Kwa hiyo dagaa dakika mbili, halafu tunaingia kwenye kazi.

REHEMA: Dagaa ndiyo kazi yenyewe. Waliotusikiliza tangu mwanzo wanamjua mdogo wangu, yule aliyekuwa anapita na masufuria wakati tunarekodia jikoni kwangu.

KULWA: Kipindi cha tatu. Sufuria lilidondoka katikati ya maombi.

REHEMA: Huyo huyo. Sasa huu ni mwaka wa pili yuko Ujerumani na mumewe. Shemeji ni mchungaji, kanisa letu limewatuma wakatumike kwenye usharika wa kule. Jumatatu usiku, saa sita na robo, naona sauti imeingia WhatsApp. Dakika tisa.

KULWA: Dakika tisa siyo ujumbe, ni mahubiri.

REHEMA: Dakika saba ni dagaa.

KULWA: Na mbili?

REHEMA: Nilimwomba ruhusa nimseme hapa. Amesema dagaa ruksa. Kwa hiyo nasema dagaa.

KULWA: Mmh. Haya.

REHEMA: Anataka dagaa wa ziwani, wa hapa Ziwa Victoria, siyo wa baharini. Wakavu, wa kwenye chanja, wasiwe wa kuanikwa mchangani, maana wale wa mwisho tuliompelekea alitafuna mchanga Krismasi nzima. Na kuna mtu anasafiri Alhamisi, amekubali kunibebea kilo nne. Nikaenda Mwaloni Jumanne alfajiri, nikakuta mwezi mpevu.

KULWA: Aaa. Umeliwa.

REHEMA: Mzigo hakuna! Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi haziiti dagaa, nusu ya watu hawajaingia ziwani. Waliopo sokoni ni wa wiki iliyopita na bei imepaa. Mama mmoja kutoka Ukara akaniambia, "Mwanangu, mwambie asubiri giza." Nikamwambia mama, kule aliko giza analo la kutosha, Desemba jua linazama saa kumi jioni. Akacheka, akanipa sado mbili alizokuwa amemwekea mteja wake.

KULWA: Mungu ambariki. Sasa, jambo la kwanza kwenye daftari langu...

REHEMA: Sijafika kwenye kopo.

KULWA: Kopo gani?

REHEMA: Unajua kufungasha dagaa wa safari? Unachambua vichwa vyote, moja moja. Unakaanga kavu, bila mafuta, moto wa mkaa uliokwisha makali. Unaacha wapoe kabisa, ukiwafunika na joto wanatoa jasho, wanaoza njiani. Halafu unawatia kwenye kitu kisichopitisha harufu. Zamani ilikuwa rambo tano, moja ndani ya nyingine, kazi imeisha. Lakini rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019. Nikahangaika nyumba nzima, nikapata kopo kubwa la maziwa ya unga, la bati, mfuniko unakaza kweli. Nikajaza. Nikapiga gundi ya karatasi. Nikamtumia picha anayesafiri.

KULWA: Akasemaje?

REHEMA: Akanipigia hapo hapo. "Dada, Ulaya hawaruhusu maziwa."

KULWA: [kicheko] Subiri, subiri.

REHEMA: Nyama hawaruhusu, maziwa hawaruhusu. Samaki wanaruhusu, mpaka kilo 20 kwa matumizi yako mwenyewe.

KULWA: Kwa hiyo umechukua kitu halali ukakitia kwenye kopo haramu.

REHEMA: Kopo linasema maziwa pande zote! Na picha ya ng'ombe!

KULWA: Nakuona pale forodhani. "Hiki nini?" "Samaki." "Na huyu ng'ombe?" "Ni nyumba yake tu, afisa."

REHEMA: Acha. Nimekesha nakwangua ng'ombe kwa kisu. Ndiyo maana mikono iko hivi.

KULWA: Wasikilizaji, mkiulizwa mmisionari anahitaji nini, jibuni: mtu wa kumkwangulia ng'ombe. Haya, tuingie sasa. La kwanza. Nimeandika, "Kanisa lijue hali halisi ya mtumishi wake." Na hapa nitamtaja...

REHEMA: Usianze Mackay.

KULWA: Nitamtaja Mackay.

REHEMA: Kila kipindi, Kulwa! Tulifanya kipindi cha bei ya unga, ukamleta Mackay.

KULWA: Alexander Mackay, mmisionari Mskoti, injinia. Kafika Afrika Mashariki 1876, kafia Usambiro hapa kusini mwa ziwa 1890, malaria, ana miaka 40. Miaka 14 hakurudi kwao hata mara moja. Wenzake wawili, Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe Desemba 1877. Barua kufika Uingereza ni miezi. Kanisa lililowatuma linapata habari ya mtu, mtu alishazikwa kitambo. Wale walikuwa na sababu. Sisi tuna WhatsApp. Tuna sababu gani?

REHEMA: Unanipiga mimi.

KULWA: Nakuuliza. Jumapili nilikuwepo ibadani, nilikaa nyuma. Mwenyekiti wa kamati ya misheni akakuita mbele utoe taarifa ya mdogo wako. Ukasema, "Wanaendelea vizuri, wanawasalimu, tuzidi kuwaombea." Sekunde kumi. Leo unaniambia Jumatatu usiku imeingia sauti ya dakika tisa.

REHEMA: Jumatatu ni baada ya Jumapili.

KULWA: Hiyo ni ya kwanza, dada?

REHEMA: ...Siyo ya kwanza.

KULWA: Basi.

REHEMA: Basi nini? Ulitaka nisimame madhabahuni niseme mdogo wangu analia? Mbele ya watu mia tatu na watoto wa Jumapili?

KULWA: Kumbe analia.

REHEMA: Sijasema analia. Nimesema dagaa ruksa.

KULWA: Sikiliza. Kuna mama anauza nyanya pale Mabatini, mnamjua mnaosali pale. Kila mwezi anatia elfu moja kwenye bahasha ya misheni. Elfu moja ya nyanya. Anapiga magoti kila asubuhi kumwombea mdogo wako safari njema na afya njema. Kwa taarifa yako ile, anaomba kitu ambacho siyo. Ni kama kumpa mtu anwani ya uongo ya kupelekea mzigo.

REHEMA: Mungu anajua anwani.

KULWA: Hapo umekimbia.

REHEMA: Sijakimbia. Nikimwambia yule mama leo, kesho soko zima linajua. Siyo kwamba ni mbaya, ni upendo wake. Atamwambia mwenzake waombe pamoja. Na wewe umesahau mwaka jana? Shemeji aliandika kwa kamati mstari mmoja: "Msimu wa baridi umenielemea." Mstari mmoja! Wakakaa vikao vitatu kujadili kama wamrudishe wapeleke mwingine. Tangu hapo anaandika nini? "Tunaendelea vizuri."

KULWA: Hilo ni kosa la kamati.

REHEMA: Ndiyo kamati iliyopo!

KULWA: Basi irekebishwe, siyo idanganywe.

REHEMA: Na wakati inarekebishwa, mdogo wangu awe mfano wa kujifunzia? Halafu nisikie tena wale wanaosema mmisionari wa Ulaya ni mtalii. Mshahara analipwa na usharika wa kule, bima ya afya kule ni lazima kwa kila mtu, kwa hiyo watu wanadhani hana shida. Unajua simu anazopata kutoka nyumbani? Anayepiga kumjulia hali anamaliza na, "Sasa dada, usinisahau kasimu." Wote. Mtoto wake wa darasa la kwanza siku hizi akikasirika anakasirika kwa Kijerumani, mama hajui ametukanwa au ameombwa maji. Mama yetu kule Magu akiongea naye, mtoto anajibu "ndiyo bibi" kwa kila kitu. Bibi anamuuliza umekula nini, "ndiyo bibi."

KULWA: Hiyo ndiyo ile dakika mbili?

REHEMA: Hapana. Hiyo nimeiona mwenyewe kwenye video.

KULWA: Nikwambie kitu. Mnajua mimi nimekulia misheni, baba alikuwa fundi wa magari pale. Kulikuwa na mama mmoja Mzungu, nesi. Nina miaka tisa hivi. Kila Alhamisi mchana, jua kali, anaingia kwenye lile gari la kazi, anapandisha vioo vyote, anakaa. Haliendi popote. Mimi nikaenda kuchungulia, nikamkuta anasikiliza kaseti. Sauti ya bibi mmoja anaongea tu, siyo muziki. Kaseti anayotumiwa na mama yake. Uso umeloa, sijui jasho sijui nini. Nikamkimbilia baba, nikamwambia mama anaumwa. Baba hata hakuinua kichwa kwenye injini. Akasema, "Mwache. Yuko kwao."

REHEMA: Hii hujawahi kuisema.

KULWA: Sijawahi. Naisema leo kwa sababu waliomtuma yule mama hawakujua habari ya lile gari. Hakuna barua iliyoandika gari. Wangejua, wangemfanyia kitu.

REHEMA: Wangejua, wangemrudisha kwao. Na baba yako alijua, mbona hakumwambia mtu?

KULWA: Baba alikuwa fundi.

REHEMA: Baba yako alikuwa na akili. Alimwachia gari lake.

KULWA: Miaka mitatu baadaye aliondoka ghafla, hakuaga hata wagonjwa. Hilo ndilo nalolijua mimi.

REHEMA: ...

KULWA: Sitaki kukuumiza, dada. Lakini Jumapili ulipaswa kusema.

REHEMA: Na mimi nikiitwa tena Jumapili hii, nitasema vilevile.

KULWA: Sawa.

REHEMA: Sawa.

[kimya, kinanda cha kwaya kinasikika upande wa pili wa ukuta]

KULWA: Hivi anawapikaje kule? Hizi nyumba zao madirisha yamefungwa miezi sita.

REHEMA: [kicheko] Eee, sijasema! Mwaka wa kwanza alikaanga ndani. Dakika kumi, mlango unagongwa. Jirani wa chini, bibi mmoja mstaarabu kabisa, amekuja kuuliza kama bomba la maji machafu limepasuka.

KULWA: Dagaa wetu wameitwa bomba!

REHEMA: Akambebea kibakuli akaonje. Bibi akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafunga mlango. Kibakuli kilirudi kimeoshwa, ndani kuna biskuti.

KULWA: Dagaa walikwenda wapi?

REHEMA: Hatujui mpaka leo. Toka siku hiyo anapikia nje. Amenunua jiko dogo la umeme, analiweka kwenye kibaraza cha ghorofani. Anavaa koti, kofia, glavu, anakaanga dagaa kwenye nyuzi sifuri. Shemeji anamshikia mwavuli, theluji isiingie kwenye mafuta.

KULWA: Na Jumapili je, si ndiyo majirani wote wako nyumbani?

REHEMA: Jumapili hathubutu. Maduka yenyewe yamefungwa, mji umetulia, ukikohoa unasikika mtaa wa pili. Ni Jumamosi jioni tu. Majirani wameshazoea. Yule bibi wa chini akisikia kikaango, anafungua dirisha lake nusu na kumpungia mkono.

KULWA: Kwenye baridi hiyo?

REHEMA: Anapunga, anafunga. Mwalimu wa kwaya ananionyesha saa.

KULWA: Bado dakika tatu! Mwalimu, dakika tatu! Wasikilizaji, nina manne hapa na nusu. La pili lilikuwa likizo, kwamba mmisionari akirudi nyumbani kupumzika tusimzungushe sharika kumi na mbili kutoa ushuhuda, apewe wiki mbili alale...

REHEMA: Hilo nakubali.

KULWA: Unaona, tungeanza na hilo! La tatu watoto, la nne... la nne nimeandika vibaya, sisomi. Tutayafanya wiki ijayo.

REHEMA: Wiki ijayo ni ile ya mahari, tumeshawaahidi watu.

KULWA: Basi yatakaa daftarini. Kopo linaondoka lini?

REHEMA: Kesho napeleka uwanjani. Nimebandika karatasi nyeupe juu, nimeandika SAMAKI WAKAVU kwa herufi kubwa. Ila sikio moja la ng'ombe limegoma kutoka.

KULWA: Na pilipili umemwekea?

REHEMA: Ameomba dagaa, Kulwa.

KULWA: Ameomba dagaa dakika saba. Pengine pilipili iko kwenye zile mbili.

REHEMA: Haimo. Zima hiyo, watu wanataka kuimba.