Uchovu Usioisha na Tezi ya Ukubwa wa Njegere

Mhadhara wa jioni, Ujiji, Kigoma

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Naona ukumbi umejaa, ila sijidanganyi: mbalamwezi ni kali na mitumbwi ya dagaa imelala ufukweni. (Kicheko.)

Basi tuanze na huyo mvuvi wa dagaa. Mwilini mna homoni iitwayo kortisoli, ndiyo inayotuamsha na kutupa nguvu ya kukabili siku. Hupanda alfajiri, hufika kileleni muda mfupi baada ya mtu kuamka, kisha hushuka taratibu hadi usiku wa manane. Mvuvi wetu usiku wa manane anavuta wavu chini ya taa, na saa 2 asubuhi ndiyo kwanza anatafuta mkeka. Ukimpima saa hiyo kama unavyompima karani wa ofisini, unaweza kumwandikia ugonjwa asio nao. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mtaani nasikia mtu akichoka muda mrefu anaambiwa "homoni zimekwisha", kana kwamba ni mafuta ya jenereta. Ugonjwa wa uchovu sugu si huo. Mgonjwa huchoka miezi 6 na zaidi, analala na kuamka kama hakulala, akili inakuwa nzito, akisimama anaona kizunguzungu. Alama yake kubwa ni kwamba akijikakamua, analipa baadaye. Jumamosi ataenda soko la Mwanga na kurudi anacheka. Jumatatu nusu ndoo ya maji inamshinda. Mwaka 1955 wafanyakazi wengi wa hospitali ya Royal Free, London, waliugua kwa mkupuo maradhi ya namna hii, na mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani likayaweka kati ya magonjwa ya mfumo wa fahamu. Leo bado watu wanayaita uvivu. Hapo sikai, nitapandisha presha bure.

Sasa tezi. Nyuma ya pua, chini ya ubongo, kuna kikombe kidogo cha mfupa, na ndani yake imekaa tezi ya pituitari. Ukubwa wake ni punje ya njegere, uzito wake kama nusu gramu. Juu yake iko haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayotoa amri. Pituitari ikipokea amri inamwaga homoni iitwayo ACTH, nayo inasafiri kwa damu hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, ambazo ndizo zinazotengeneza kortisoli. Kortisoli ikitosha, huko juu wanapata habari na kupunguza amri.

Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo: kwa wagonjwa wa uchovu sugu, kortisoli ilikuwa chini kidogo kuliko kwa watu wasio wagonjwa. Nasema kidogo. Tezi haikuwa imekufa. Watu wakafikiri, basi tuwape kortisoli ya vidonge. Jaribio lililochapishwa mwaka 1998 liliwachukua wagonjwa 70 kwa wiki 12. Nafuu iliyopatikana ilikuwa ndogo, na watu 12 kati ya waliomeza dawa, tezi zao za juu ya figo zilianza kulala. Ndivyo mwili ulivyo: ukiletewa chakula kila siku, jiko lako linazimika. Kwa hiyo wewe unayenunua deksamethazoni, dawa inayofanya kazi kama kortisoli, dukani ili upate nguvu, au unenepe mashavu, unajitafutia uchovu ambao hukuwa nao. Na ukishazoea, usiache ghafla. Mwone daktari akupunguzie polepole.

Kuna la karibu zaidi. Mwaka 2023 utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Yale uliwakuta wenye dalili za muda mrefu za UVIKO-19 wakiwa na kortisoli ndogo, wala ACTH haikupanda kuifidia. Mimi nilisisimka, nikasema pituitari imekamatwa! Tafiti za baadaye hazikupata jibu hilohilo. Na waliofuatiliwa tangu mwanzo, baada ya upasuaji au homa ya virusi, kortisoli yao haikuonekana kutangulia kushuka kabla ya uchovu. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya upungufu huo inatokana na kuumwa kwenyewe: usingizi uliovurugika, kulala kitandani mchana kutwa. Mnamkumbuka mvuvi?

Ila msitoke hapa mkisema tezi hazihusiki kabisa. Kabla ya kumwambia mtu ana uchovu sugu, ni lazima tutafute magonjwa ya tezi yanayotibika. Kifua kikuu kinaweza kula tezi za juu ya figo: mtu anakonda, ngozi inakuwa nyeusi hata kwenye mistari ya viganja, anatamani chumvi. Tezi ya shingo ikizembea, mtu anachoka, anasikia baridi, choo kinakuwa kigumu. Na sisi tunaopakana na mapori ya mbung'o tusisahau malale, maana nayo huvuruga usingizi na homoni pia.

(Swali kutoka kwa mama mmoja, nyuma: alijifungua miaka 4 iliyopita, akatokwa na damu nyingi hadi akazimia. Maziwa hayakutoka, hedhi haijarudi, na tangu hapo hana nguvu. Ameambiwa amerogwa.)

Pole sana, mama. Wakati wa ujauzito pituitari huvimba na kuhitaji damu zaidi. Damu ikimwagika mno wakati wa kujifungua, tezi inaweza kukosa damu na sehemu yake ikafa. Daktari Harold Sheehan aliueleza ugonjwa huo mwaka 1937, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Siwezi kukuandikia ugonjwa nikiwa nimesimama jukwaani, lakini kipimo kipo, na kortisoli yako ipimwe asubuhi. Ikithibitika, hapo vidonge vya homoni ndivyo dawa yenyewe, si kama vile vya dukani. Usiondoke, nisubiri pale mlangoni tuandikiane barua ya rufaa. Na kadi yako ya kliniki ya ule uzazi, kama bado unayo, kesho uje nayo.