Kusoma Vitabu vya Mifumo Endeshi Mpaka Kwenye Kerneli

Ndugu wasikilizaji, vitabu vya mifumo endeshi, yaani programu kuu za kompyuta kama Linux, ni vinene, vingine vinapita kurasa 1,000. Anayeanza mwanzo akilenga kufika mwisho huishia njiani. Anzeni na kitabu kilichoandikwa bega kwa bega na mfumo mdogo, ambao msimbo wake wote (maandishi ya programu) unasomeka.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1976, John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, aliwapa wanafunzi wake msimbo wa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mfumo wa Unix, toleo la sita, mistari takriban 9,000, pamoja na ufafanuzi wake. Kazi hiyo ilisambaa kwa nakala za fotokopi hadi ilipochapishwa rasmi mwaka 1996. Mrithi wake ni xv6, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia wa chuo cha MIT cha Marekani, ambao kitabu chake ni kifupi na hupatikana bure. Angalieni toleo tu: la zamani ni la prosesa za aina ya x86, jipya ni la aina ya RISC-V. Mkichanganya kitabu cha huku na msimbo wa kule, hata majina ya rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) hayatalingana.

Sura inayowashinda wengi ni ya majedwali ya kurasa (vipande vya ukubwa sawa) za kumbukumbu, yanayotafsiri anwani dhahania inazotumia programu kuwa anwani halisi, nami naona ndiyo tamu kuliko zote. Katika xv6 ya RISC-V, anwani dhahania ina biti 39, zilizogawanywa katika makundi ya 9, 9, 9, kisha 12. Kila kundi la biti 9 huchagua ingizo moja kati ya 512 katika jedwali la ngazi yake. Ingizo lina baiti 8, na 512 mara 8 ni 4,096, ambao ndio ukubwa kamili wa ukurasa mmoja. Kwa hiyo kila jedwali linaenea ndani ya ukurasa mmoja, bila kubakiza nafasi. Biti 12 za mwisho zinaonyesha baiti ipi ndani ya ukurasa wa data.

Chukueni anwani yoyote, igaweni kwa kalamu, ndipo mfungue faili ya vm.c ya xv6 msome walk, sehemu ya msimbo inayopita kwenye majedwali hayo. Kisha haribuni kwa makusudi: ondoeni biti ya U (inayoruhusu programu ya mtumiaji kuufikia ukurasa) kwenye ukurasa wa programu ya mtumiaji, muendeshe tena ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta. Programu itauawa, na rejista ya scause itawaambia sababu: 12 prosesa ilipokuwa ikichota amri, 13 ikisoma data, 15 ikiandika.

Kwa vitabu vya Linux, tazameni kwanza mwaka wa kuchapishwa. Kitabu cha Understanding the Linux Kernel, toleo la 3 la 2005, kinaeleza kerneli 2.6.11. Mpanga zamu wa michakato (sehemu ya kerneli inayoamua programu ipi iendeshwe sasa) anayeelezwa humo aliondolewa 2007, na aliyemrithi naye akaanza kupisha mwingine 2023, kwenye kerneli 6.6. Msikitupe kitabu. Pakueni msimbo wa 2.6.11 yenyewe, someni kernel/sched.c sambamba na sura hiyo, ndipo mfungue kernel/sched/fair.c ya leo.