Inahimili Virusi Gani?

Nimeshika pakiti ya mbegu za hoho. Wewe hapo mbele, hebu tusomee kwa sauti. "Inahimili virusi." Asante, keti. Virusi gani? Kimya. Muuza pembejeo naye alinyamaza hivyo hivyo nilipomuuliza. Walionisikia mwaka jana watanivumilia, maana nitalisema tena: hakuna pilipili inayohimili virusi hivi hivi tu. Kuna inayohimili virusi fulani, vya kundi fulani, kwa sababu ya jeni fulani.

Mama mmoja wa Lushoto alinunua mbegu chotara, ghali kwelikweli. Pakiti yake ilikuwa na herufi ndogo pembeni: Tm:0-2. Miche ilipoanza kutoa maua, majani ya juu yakajikunja, kijani kikawa cha mabaka mabaka, na vitunda vya kwanza vikatoka vimekunjamana. Akanipigia simu: "Mwalimu, nimeuziwa feki." Nikaenda. Nikageuza jani, nikakuta vidukari wamejipanga kwenye mshipa wa kati. Zile herufi zilikuwa zinasema kweli tupu. Tm ni jamii ya batobato ya tumbaku, virusi vinavyotembea kwa mikono, visu na mbegu. Vilivyomwingilia yeye vililetwa na vidukari, ni potivirusi, ukoo mwingine kabisa. Mbegu haikumdanganya. Hakuna aliyemsomea pakiti, na kusoma pakiti ndiyo kazi mnayosomea ninyi.

Najua mtaniambia angepulizia dawa ya wadudu. Sikilizeni vizuri. Kidukari anachovya mdomo kwenye jani gonjwa kwa sekunde chache, anaruka, anachovya jani zima kwa sekunde chache, basi. Dawa itamuua, sawa, lakini atakufa akiwa ameshaacha mzigo. Kwa virusi vya namna hii, kinga ianze ndani ya mche wenyewe.

Ndani kuna nini? Hapa naomba mniachie muda, kwa sababu ndipo utamu ulipo. Potivirusi ni mgeni anayekuja na unga wake lakini hana jiko. Hawezi kutengeneza protini hata moja bila vyombo vya mmea. Kimojawapo ni protini iitwayo eIF4E, ambayo mmea huitumia kuanzisha upishi wa protini zake. Ichukulieni kama mafiga. Virusi vina protini yao, VPg, ambayo lazima ikae juu ya mafiga hayo ndipo chungu kichemke. Sasa kuna pilipili ambazo mafiga yao yamekaa tofauti kidogo, viungo vichache tu vya protini vimebadilika. Vyungu vya mmea vinakaa. Chungu cha virusi kinapinduka. Hiyo ndiyo jeni pvr2. Wakulima walikuwa wakiifaidi kwa miaka mingi katika hoho iitwayo Yolo Y, na mwaka 2002 watafiti wa Ufaransa wakaonyesha kwamba pvr2 ni hiyo hiyo eIF4E.

Kwa hiyo mmea huu haupigani na virusi. Umewanyima jiko. Na ndiyo maana jeni hii lazima itoke kwa baba na mama pia. Mzazi mmoja akileta mafiga ya kawaida, virusi watapikia hapo hapo. Ukikosea hili kwenye uzalishaji, umepoteza misimu.

Kuna zaidi. Mmea una jiko la pili, linaloitwa eIF(iso)4E. PVMV, potivirusi mwingine wa pilipili, kilichoelezwa kwanza kutoka Ghana mwaka 1971, kinapika kwenye lolote kati ya hayo mawili. Kukizuia unahitaji pvr2 pamoja na pvr6, mafiga ya majiko yote mawili yawe yamebadilika. Ukiwa na moja tu, hujafanya kitu.

Jeni L, ile iliyokuwa kwenye mbegu za mama wa Lushoto, ni habari nyingine: yenyewe ni askari. Inalitambua ganda la kirusi, na seli zilizoguswa zinajiua ili ugonjwa usitoke hapo. Ina ngazi: L1, L2, L3, L4, na kila ngazi inashika aina zaidi za virusi. Hiyo Tm:0-2 ni L3, Tm:0-3 ni L4. Askari huyu anatosha akitoka upande mmoja, lakini joto linamlegeza. L1 ikikaa kwenye nyuzi zaidi ya 30, virusi vinapita na kusambaa mmea mzima. Anayelima Pwani aambiwe hivyo kabla hajatoa pesa. Jeni nyingine, Tsw, inayozuia virusi vya madoa ya nyanya vinavyobebwa na wadudu wadogo waitwao thripsi, nayo ina udhaifu huo huo wa joto.

Naona mkono kule nyuma, na swali nalijua. Hapana, hizi si GMO. Tsw imetoka kwenye Capsicum chinense, spishi ya pilipili mbuzi mnayokula na wali, na imeingizwa kwenye hoho kwa kuchavusha, kizazi baada ya kizazi.

Nilitaka kuwaeleza jeni Pvr4 ya pilipili ya Mexico, na jinsi virusi vinavyobadilisha VPg hadi vikayazoea mafiga mapya, lakini nimeoneshwa saa. Basi tokeni nje kidogo. Siku tatu zilizopita nilisugua majani ya miche yenye L1 kwa utomvu wenye batobato ya tumbaku. Nusu nimeiweka kivulini, nusu kwenye sanduku la joto. Ya kivulini ina vidoa vya kahawia, vidogo kama ncha ya kalamu, na ukigusa jani linadondoka. Yale ya kwenye sanduku hayana kidoa hata kimoja. Anzeni na hayo, kisha mniambie ni mche upi mgonjwa.