Tufute Majina kwenye Maombi ya Kazi?

REHEMA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji. Mimi Rehema, na Mwalimu Zakayo yupo hapa na chai yake ya tangawizi kama kawaida.

ZAKAYO: Nipo, dada yangu. Na leo una jambo, maana tangu uingie hujatulia.

REHEMA: Nina jambo kweli. Wiki hii nilikuwa kwenye paneli ya usaili, nafasi moja ya mhasibu msaidizi, ofisi siitaji. Tuko kwenye mchujo, mafaili yamerundikwa mezani, na kila barua imebanwa picha ya pasipoti saizi, ile yenye bluu nyuma. Kuna mjumbe mmoja, mtu mzima, namheshimu sana. Anafungua faili, anatazama picha, anatazama jina la ukoo, ndipo anaanza kusoma. Faili hadi faili. Akifika kwa mtu wa kwao hasemi "huyu wa kwetu", hapana. Anasema, "Huyu anaonekana mtulivu."

ZAKAYO: Mtulivu! Kwenye picha ya pasipoti nani si mtulivu? Mpiga picha mwenyewe anakwambia usicheke.

REHEMA: Sasa utulivu ule ukaanza kuingia kwenye alama. Nikaomba tusimame kidogo. Nikaazima kitoa pini masjala, nikaziondoa picha zote, moja baada ya nyingine. Karatasi zikabaki na vitundu viwili viwili pale juu. Mwenyekiti hakufurahi, lakini aliniacha.

ZAKAYO: Umefanya la maana sana. Mimi ningeendelea, ningefuta na majina.

REHEMA: Hapo tutagombana baadaye. Kwanza niwaambie wasikilizaji, leo tuna mambo matatu ya kufanya kabla hamjafungua faili hata moja. La kwanza...

ZAKAYO: Subiri, Rehema, hili la majina tusilivuke. Kuna wachumi wawili Marekani, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan. Mwaka 2004 walichapisha utafiti wao. Walituma CV za kubuni karibu 5,000 kujibu matangazo ya kazi Boston na Chicago. Sifa zilezile, wakabadilisha majina tu: huku Emily na Greg, kule Lakisha na Jamal. Wenye majina ya Kizungu ilibidi watume CV kama 10 ili wapigiwe simu moja. Wenye majina ya Wamarekani Weusi, 15.

REHEMA: Na huku kwetu Tanzania jina linasema zaidi ya hapo. Ukisoma Massawe umeshafika Kilimanjaro. Ukisoma Mwakyusa, Mbeya. Dini nayo unaiona palepale kwenye jina la kwanza. Wakati sheria iko wazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu anakotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri. Na kwenye kifungu hicho, mwombaji kazi anahesabiwa kama mwajiriwa. Kwa hiyo dada aliyeulizwa kwenye usaili "unategemea kuzaa lini", sheria inamhusu kabla hajaajiriwa.

ZAKAYO: Sawasawa. Sasa mimi nasema dawa tunayo hapahapa nchini. Baraza la Mitihani. Mtahiniwa haandiki jina, anaandika namba. Halafu kule kwenye usahihishaji, kila mtu anapewa swali lake. Mimi nimekaa na swali la 4, siku nzima ni la 4 tu. Nikimaliza nampasia mwenzangu wa la 5. Sijui huyu mtoto la kwanza kapata zote au kakosa zote. Siwezi kumbeba kwa sababu alianza vizuri.

REHEMA: Hiyo ni nzuri kweli. Kwenye paneli tunafanya kinyume. Tunamsoma mtu mmoja kuanzia juu hadi chini, na akiwa kasoma chuo kinachosifika, kila kinachofuata kinang'aa. Lakini Mwalimu, hiyo namba nayo si inasema shule?

ZAKAYO: Sehemu ya kwanza ni namba ya kituo, ndiyo.

REHEMA: Na kidato cha nne, shule za mchanganyiko, si wasichana ndio wanaoorodheshwa kwanza? Kwa hiyo 0003 ni msichana na 0120 huenda ni mvulana.

ZAKAYO: Msahihishaji hana muda wa kupiga hesabu hizo. Mbele yake kuna rundo la karatasi.

REHEMA: Na mwandiko?

ZAKAYO: Ah, mwandiko. Mwandiko unasema, sitakudanganya. Kuna karatasi unaifungua, herufi zimesimama wima, mchoro wa jani umepigwa kwa penseli iliyochongwa vizuri, unajikuta unataka kumpa. Inayofuata ni mwandiko wa kukimbia, mchoro kwa peni ya wino, na jibu ni sahihi lilelile. Mkono unasita.

REHEMA: Na unafanya nini mkono ukisita?

ZAKAYO: Narudi kwenye mwongozo. Mwongozo tuliujadili wote kabla hatujagusa karatasi: hiki alama 1, hiki nusu, hiki hakuna. Ukikosea tahajia lakini jina la sehemu linaeleweka, tumeshakubaliana tunafanya nini. Tulibishana mpaka koo zikakauka, lakini tulibishana hatujamwona mtoto yeyote. Nikisita, kiongozi wa meza anapitia na yeye.

REHEMA: Hilo ndilo nililolikosa wiki hii. Tulikuwa na tangazo la kazi, hatukuwa na mwongozo. "Uzoefu" kwa mmoja ni miaka, kwa mwingine ni ofisi kubwa. Na mimi mwandiko...

ZAKAYO: Turudi kwenye majina.

REHEMA: Haya, turudi. Ufaransa walijaribu mnamo 2009 na 2010, kupitia shirika lao la ajira la umma. CV zikafutwa majina na anwani. Matokeo: waombaji wenye asili ya kigeni na wa vitongoji maskini waliitwa kwenye usaili kwa uchache zaidi kuliko pale CV zilipokuwa na majina. Kwa nini? Msomaji akiona pengo kwenye CV, bila kujua mtu katokea wapi, analihesabu kuwa kasoro.

ZAKAYO: Nimeusoma. Lakini kampuni zilizoshiriki zilijitolea zenyewe. Aliyekubali kushiriki ndiye aliyekuwa na nia njema tangu mwanzo. Yule mbaguzi hakujiandikisha.

REHEMA: Sawa, lakini kwangu mimi kuna binti mmoja pale mezani. Divisheni ya tatu, shule ya kata, mapengo mawili kwenye CV. Ukinifutia shule na wilaya, namwona wa kawaida. Ukiniachia, namwona mtu aliyesoma hesabu bila mwalimu wa hesabu akafaulu.

ZAKAYO: Na mwenzako akiona wilaya hiyohiyo anasema "wa huko hawawezi mjini". Macho yako mema hayako kwenye kila paneli, dada.

REHEMA: Basi tuwafundishe wenye paneli.

ZAKAYO: Semina ya siku moja haimwondolei mtu ukabila. Kikaratasi cheupe juu ya jina kinamzuia.

REHEMA: Kinamzuia mpaka siku ya usaili wa ana kwa ana, mlango unafunguliwa, mtu anaingia na lafudhi yake.

ZAKAYO: Angalau ameingia. Lakisha hakupata hata kuingia.

REHEMA: Na wangu wa shule ya kata kwa utaratibu wako haingii. Mimi sikubali.

ZAKAYO: Na mimi sibadiliki.

REHEMA: Fundi wetu ananionyesha vidole viwili, dakika mbili. Mwalimu, yale mambo matatu!

ZAKAYO: Hayaingii tena.

REHEMA: Basi moja, harakaharaka: kila mjumbe aandike alama zake peke yake, azikabidhi, ndipo mzungumze. Na mwenyekiti aseme wa mwisho, maana akishasema "mimi nampenda huyu" kalamu zote zinahama.

ZAKAYO: Hapo niko na wewe mia kwa mia. Na maswali ya usaili yawe yaleyale kwa kila...

REHEMA: Muda, Mwalimu. Wiki ijayo ni vimemo, zile simu za "kuna kijana wangu hapo". Wasikilizaji, tutumieni sauti zenu. Kwaherini.

ZAKAYO: Kwaherini. Lakini majina yafutwe.