Sikio Linapopotea Kati ya Mafaili

Ndugu zangu maafisa usalama, wauguzi wa zahanati za viwandani, wahandisi, na wenzetu wa ununuzi ambao kwa kawaida hamualikwi kwenye mada hizi za kelele na usikivu wa wafanyakazi, karibuni.

Tuanze na karatasi. Katika kiwanda, ramani ya kelele hukaa kabatini kwa mhandisi. Odiogramu, yaani mchoro wa kipimo cha usikivu, hukaa zahanati. Ankara ya viziba masikio iko ununuzi, na ripoti ya ukaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, iko kwa meneja. Siku mfanyakazi anapodai fidia, faili jingine linafunguliwa kwa ajili ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kila mwenye karatasi anaweza kuwa amefanya kazi yake sawasawa, na mfanyakazi akawa kiziwi vilevile. Kwa hiyo ninaposema ushirikiano sina maana ya kikao cha robo mwaka chenye chai na maandazi. Nauliza karatasi ipi itoke kwa nani, iende kwa nani, na lini.

Chukueni chumba cha kufuma kitambaa chenye kelele ya desibeli 97. Kikomo kinachopendekezwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda unaoruhusiwa unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 97 ni nusu saa tu. Anayemaliza zamu ya saa 8 humo amepokea dozi 16, yaani kelele mara 16 ya inayoruhusiwa kwa siku. Hapa kuna mtego wa kifaa. Sheria ya Marekani hutumia kikomo cha 90 na hatua ya 5 badala ya 3, hivyo dozimita, yaani kifaa cha kupima dozi ya kelele, iliyopangwa kwa kanuni za huko itawapa dozi ndogo kuliko hali halisi. Kagueni mpangilio kabla ya kuivalisha mtu begani, kisha muuandike kwenye ripoti.

Mhandisi hupenda kuandika kelele ya chumba. Muuguzi hawezi kuitumia, kwa sababu yeye anapima mtu, hapimi chumba. Anachohitaji ni kundi la kazi: mfumaji, fundi wa mashine, mfagiaji anayezunguka idara tatu. Kila kundi liwe na dozi yake, saa zake, na kemikali linazozigusa. Toluini ya kwenye rangi na gundi, stairini, risasi na kaboni monoksidi huumiza sikio pia, na zikikutana na kelele madhara yanazidi. Karatasi hiyo ya ukurasa mmoja ifike zahanati kabla ya upimaji.

Upimaji wenyewe huharibika mahali pengi. Kipimo cha mwanzo kinataka sikio lililopumzika saa 14 bila kelele. Ukikichukua katikati ya zamu, sikio limechoka, mchoro unaonyesha upungufu wa muda, na vipimo vyote vya baadaye vitaonekana vizuri vikilinganishwa nao. Yaani umeficha ugonjwa miaka kumi kwa haraka ya asubuhi moja. Chumba kikiwa jirani na jenereta, sauti nzito za hezi (mitetemo kwa sekunde) 500 na 1,000 zitasomeka vibaya kwa watu wote. Mkiona hivyo, tafuteni chumba kingine. Nta ya sikio itazamwe kwanza. Alama ya kelele ni shimo kati ya hezi 3,000 na 6,000, hasa 4,000, kisha mchoro kupanda tena kwenye 8,000.

Wastani wa usikivu kwenye hezi 2,000, 3,000 na 4,000 ukishuka kwa desibeli 10 kutoka kipimo cha mwanzo katika sikio lolote, rudieni kipimo ndani ya siku 30. Ukithibitika, mfanyakazi aelezwe kwa lugha yake, na mhandisi apelekewe taarifa: idara ipi, zamu ipi, watu wangapi. Majina yabaki zahanati. Watatu wa kundi moja wakishuka pamoja, kagueni mashine: beringi zilizochakaa, kifuniko kilichovuliwa wakati wa matengenezo kisirudishwe, hewa ya kompresa inayovuja. Akishuka mmoja peke yake, angalieni jinsi anavyovaa kinga, halafu muulizeni dawa anazotumia. Amikasini na streptomaisini, ambazo zimetumika kutibu kifua kikuu, zinaweza kuua seli zilezile za sikio. Ndiyo maana kliniki ya kifua kikuu na zahanati ya mgodi zinapaswa kuwa na njia ya kuulizana, kwa ridhaa ya mgonjwa.

Kuhusu kinga, hesabu moja inatosha. Kifunika masikio kinachopunguza desibeli 30 kikivuliwa nusu saa tu katika zamu ya saa 8, ulinzi halisi hauwezi kuvuka desibeli 12. Na watu huvua kwa sababu kinabana, kuna joto, au hawamsikii mwenzao. Afisa ununuzi anayeagiza saizi moja kwa kuwa ni bei nafuu, au kifaa kinachozuia sauti kupita kiasi kwa eneo la desibeli 87, ndiye anayewavulisha bila kujua. Aagize aina mbili tatu, wafanyakazi wajaribu. Kiziba cha sponji kiviringwe kiwe chembamba, sikio livutwe juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kisha kishikiliwe mpaka kijae.

Nguvu kubwa zaidi ya ununuzi iko kwenye zabuni. Andikeni kiwango cha juu cha kelele, tuseme desibeli 80 kwa mita moja mashine ikiwa kazini, nayo ipimwe kabla ya malipo ya mwisho. Baada ya kulipa, msambazaji hapokei simu.

Anayeacha kazi apimwe kabla ya kuondoka, na nakala ya dozi za kundi lake iambatane na odiogramu zake zote. Bila mfululizo huo, daktari anayetathmini dai la fidia hana namna ya kutenganisha kelele na uzee.

Mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, hawana zahanati wala mhandisi. Kwao, afisa afya wa manispaa na mkaguzi waje siku moja na kipima sauti kimoja, waanzie kwenye randa ya mashine. Visu butu huipandisha kelele, na kuvinoa ni kazi ambayo fundi anaijua tayari.