Nani Atakwama? Kuandaa Mswada wa Utafiti kwa Ajili ya Jarida

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, watafiti wenzangu, hamjambo.

Mada niliyopewa ina sifa mbaya, najua. Wengi wetu tunaichukulia kama kazi ya usiku wa mwisho: utafiti umekwisha, makala imeandikwa, kilichobaki ni lile jambo la kuudhi la kupanga pambizo, kuhesabu maneno na kugeuza marejeleo kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine. Leo nitabishana na mtazamo huo. Karibu kila sharti mnalolikuta katika maelekezo kwa waandishi limewekwa kwa sababu upande wa pili kuna mtu atakayekwama lisipofuatwa. Ukimjua mtu huyo, utalifuata sharti bila kufikiri mara mbili. Usipomjua, utalifuata kwa kununa, na mara nyingi utalikosea.

Majarida ya kitaaluma yalianza mwaka 1665. Januari lilitoka Journal des sçavans mjini Paris, na Machi likatoka Philosophical Transactions mjini London, chini ya Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko. Makala nyingi za mwanzo zilikuwa barua: mtu anamweleza mwenzake alichokiona, kwa mfuatano ule ule alioyaona mambo, na mwenzake anasoma kuanzia salamu hadi sahihi. Ule mpangilio wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala ulienea polepole katika karne ya 20, na katika majarida ya tiba ulishika kabisa kufikia miaka ya 1980. Makala zilikuwa zimezidi uwezo wa mtu kuzisoma zote. Mmoja anataka kujua tu sampuli ilipatikanaje, mwingine anataka namba moja katika matokeo, wa tatu anaangalia kama ulifahamu udhaifu wa kazi yako. Wote watatu wanahitaji kujua pa kwenda moja kwa moja.

Kila ninapolisema hili hutokea mtu akanikumbusha kwamba makala ya Watson na Crick kuhusu umbo la DNA, iliyotoka katika Nature mwaka 1953, ilizidi ukurasa mmoja kidogo tu na haikuwa na vichwa hivyo. Ni kweli. Ukigundua kitu cha ukubwa ule, andika upendavyo.

Sasa tuingie kazini. Jarida lichaguliwe kabla mswada haujakamilika, kwa sababu jarida ndilo litakalokuambia unaandika kwa nani. Soma matoleo yake ya karibuni, usiishie kwenye ukurasa wa malengo. Tazama makala zao zina urefu gani, utangulizi wao unachukua aya ngapi, wanapenda hoja ya namna gani. Mhariri anayekataa makala mlangoni, bila hata kuipeleka kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaoikagua kabla haijachapishwa, mara nyingi hasemi kwamba kazi ni mbovu. Anasema wasomaji wake hawaihitaji, na hilo ungeweza kulijua kabla hujatuma. Hapo hapo, hakikisha jarida ni la kweli. Jarida linaloahidi kuchapisha kwa siku chache baada ya malipo halina muda wa kuwapa wataalamu kazi yako waisome. Kwa majarida huria, yale yanayosomwa na yeyote bila malipo, orodha ya mtandaoni ya DOAJ, iliyoanza mwaka 2003, ni mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi. Na tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Wapitiaji wengi husoma bila malipo, na makala moja ikiwa kwa wahariri wawili, kuna watu wanaopoteza jioni zao bure.

Katika kuandika, mimi huwashauri wanafunzi waanze na majedwali na michoro, kisha matokeo, kisha mbinu, halafu mjadala na utangulizi. Ikisiri, ule muhtasari mfupi wa mwanzoni, iwe ya mwisho kabisa. Najua wapo wanaopinga mpangilio huu, lakini ukianza na utangulizi utaandika kurasa nane za historia ya dunia kabla hujajua makala yako inasema nini.

Niruhusuni nikae kwenye majedwali, maana hapo ndipo miswada mingi huumia. Jedwali linapaswa kueleweka na mtu ambaye hajasoma makala nyingine yote. Atakayekwama hapa ni yule atakayekuja miaka mitano baadaye, anakusanya matokeo ya tafiti nyingi ili ayajumlishe, na hana nafasi ya kukuuliza. Kwa hiyo vipimo viwekwe kwenye vichwa vya safu, idadi ya washiriki ionekane, kila kifupisho kielezwe kwenye tanbihi chini ya jedwali. Ukiandika asilimia, onyesha ni asilimia ya wangapi. Usiandike desimali nne kwa sampuli ya watu thelathini, huo ni usahihi wa bandia. Na ile p = 0.000 inayotolewa na programu ya takwimu msiinakili kama ilivyo. Uwezekano ule si sifuri, ni programu imeishiwa nafasi za kuonyesha. Andika p < 0.001.

Programu zenyewe tusiziamini kupita kiasi. Kuna jeni zilizokuwa zikiitwa SEPT1 na MARCH1. Ukiziandika katika Excel, iliona Septemba na Machi, ikazigeuza kuwa tarehe bila kumwambia mtu. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza majarida makubwa ya jenomu walionyesha kwamba karibu moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni katika Excel zilikuwa na kosa la aina hiyo. Waandishi hawakuona, wapitiaji hawakuona, wahariri hawakuona. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kuyabadilisha majina yenyewe: SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Majina yamerekebishwa, lakini ugonjwa upo pale pale. Namba za utambulisho zinazoanza na sifuri huipoteza sifuri yao, na sehemu kama 3/4 huwa siku ya mwezi. Baada ya kuhamisha data kutoka programu moja kwenda nyingine, chagua safu chache uzilinganishe na fomu za asili kwa macho yako.

Jedwali pia liwe jedwali, lisiwe picha ya jedwali. Mpangaji wa kurasa akipokea picha atalazimika kuichapa upya namba kwa namba, na kila namba ni nafasi ya kukosea.

Kwenye picha mambo ni ya hesabu. Majarida mengi hutaka picha za kawaida ziwe na nukta 300 kwa inchi, na michoro ya mistari zaidi ya hapo. Safu moja ya jarida ikiwa na upana wa sentimita 8.5, hizo ni inchi 3.35 hivi, kwa hiyo picha yako inahitaji upana wa pikseli elfu moja na ushee. Ikiwa ina pikseli 400, kuitanua kwenye kompyuta hakuongezi taarifa, kunaongeza ukungu. Grafu ni bora zihifadhiwe kama vekta, yaani mistari badala ya pikseli, maana hizo hazivunjiki zikikuzwa. Msitumie nyekundu na kijani kutofautisha makundi mawili, kwani wapo wasomaji, hasa wanaume, ambao macho yao hayazitenganishi rangi hizo. Ongezeni alama au aina ya mstari.

Mbinu ziandikwe kwa ajili ya mtu asiyekujua anayetaka kurudia ulichofanya. Zipo orodha za ukaguzi zilizotungwa na wataalamu kwa kazi hii: CONSORT ya mwaka 1996 kwa majaribio ya nasibu, STROBE kwa tafiti za uchunguzi, PRISMA ya mwaka 2009, iliyoboreshwa 2020, kwa mapitio ya kimfumo. Tabia iliyoenea ni kuijaza orodha siku ya kutuma, ambapo mtu anagundua hakuwahi kurekodi wangapi walikataa kushiriki. Ifungueni siku ya kupanga utafiti.

Ikisiri ndiyo sehemu itakayosomwa na watu wengi kuliko zote, na wengi wao hawatasoma zaidi ya hapo. Ndiyo sababu majarida ya tiba yalianza, mnamo 1987, kutaka ikisiri zenye vichwa vidogo ndani yake. Mimi nikipewa mswada kupitia, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuchukua namba za kwenye ikisiri na kuzitafuta kwenye majedwali. Zisipofanana, naanza kuisoma kazi nzima kwa jicho la mashaka. Maneno msingi nayo yasirudie tu yaliyomo kwenye kichwa cha makala. Fikiria mtu anayeitafuta kazi kama yako kwa maneno tofauti na uliyoyatumia wewe, umwekee hayo.

Tuje kwenye marejeleo, ambayo ndiyo malalamiko makubwa. Mwaka 1978 kundi la wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, kukubaliana juu ya namna moja ya kupokea miswada, na mtindo wa marejeleo kwa namba ukachukua jina la mji huo. Kumbukeni ilikuwa enzi ya taipureta. Makala ikikataliwa na jarida moja, kuipeleka kwingine kulimaanisha kuichapa upya kwa sababu ya tofauti za nukta na koma. Kwa maneno mengine, masharti tunayoyalalamikia yalibuniwa ili kumpunguzia mwandishi adha.

Katika mtindo wa Vancouver namba hufuata mpangilio wa kutajwa, kwa hiyo ukiingiza chanzo kimoja katikati, zote zinazofuata zinasogea. Katika mitindo ya APA na Harvard msomaji anaona jina na mwaka pale pale kwenye sentensi, na anaweza kupima kama unategemea kazi za zamani mno. Tumieni programu ya kupanga marejeleo, Zotero, EndNote au nyingineyo, lakini pitieni orodha mwishoni. Programu hutoa ilichopewa: majina ya taasisi yaliyokatwa vipande kana kwamba ni jina na ukoo, kurasa zisizokuwepo, vichwa vilivyojaa herufi kubwa. Bofya kila DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, uone inafungua makala uliyokusudia. Hili limekuwa la lazima tangu zije programu za akili bandia zinazotunga marejeleo yenye sura nzuri ya makala ambazo hazijawahi kuandikwa. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ilieleza mwaka 2023 kwamba programu hizo haziwezi kuorodheshwa kama mwandishi, na kwamba aliyezitumia aseme alizitumia vipi. Sababu ni nyepesi: programu haiwezi kuitwa kujibu.

Kujibu huko ni sharti mojawapo kati ya manne ya kamati hiyo. Mwandishi ni yule aliyechangia kazi kwa kiasi kikubwa, akashiriki kuandika au kuurekebisha mswada kwa kina, akaidhinisha toleo la mwisho, na akakubali kuwajibika. Yote manne. Aliyetafuta fedha pekee au kuongoza idara pekee ashukuriwe kwenye shukrani. Mpangilio wa majina mzungumze mapema, kazi ikiwa bado changa, kwa sababu makala ikishakubaliwa kila mtu hukumbuka alifanya kazi kuliko mwenzake.

Ukituma kwa jarida linaloficha majina ya waandishi, jina lako lisiwe kwenye sifa za faili (properties), na usiandike "kama tulivyoonyesha awali" huku ukitaja kazi yako mwenyewe. Nafasi mbili kati ya mistari na namba za mistari ni kwa ajili ya mpitiaji, ili aweze kusema "mstari wa 214" badala ya "ile sentensi karibu na mwisho wa ukurasa". Majarida mengi siku hizi yanapokea muundo wowote katika utumaji wa kwanza. Pokeeni nafuu hiyo, ila mswada uwe na mtindo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Barua kwa mhariri isizidi ukurasa. Sema umegundua nini na kwa nini wasomaji wake wajali, kisha umwache. Halafu, mfumo ukishaunganisha faili zako kuwa PDF, ifungue uisome yote kabla ya kuthibitisha. Alama ya maikro iliyoandikwa kwa fonti ya Symbol ina tabia ya kugeuka kuwa herufi m fonti ikipotea, na mikrogramu zikawa miligramu. Hilo ni kosa la mara elfu moja, na katika makala ya dawa kuna mgonjwa mwishoni mwa sentensi hiyo.

Makala ikikubaliwa utaletewa prufu (kurasa zilizopangwa tayari kuchapishwa, uzikague), kwa kawaida na siku chache tu za kuijibu. Wengi huanza kurembesha sentensi, jambo ambalo mhariri hatalikubali wakati huo. Angalia majina ya waandishi, taasisi zao, barua pepe ya mwandishi wa mawasiliano, namba zote za majedwalini, na maelezo ya kila mchoro kama yako chini ya mchoro wake. Msomee mwenzako namba kwa sauti naye afuatishe kwenye faili ya asili.

Naona mikono imeshainuka. Tuanze na dada pale mbele.