Kabla ya Fedha za Mikoko: Kijiji Kijifunze Kupima

Walimu wenzangu, wazee wetu, viongozi wa vikundi vya ufuoni, asalaam aleikum na asanteni kwa kunikaribisha.

Nitazungumza juu ya Gazi, kijiji cha wavuvi kusini mwa Mombasa, Kaunti ya Kwale. Wengi mnakijua kwa ajili ya Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013 na kutangulia duniani katika kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, yaani kulipwa kwa kuilinda mikoko ili hewa hiyo isirudi angani, chini ya usimamizi wa wanakijiji wenyewe. Eneo lake ni hekta 117 tu. Mapato yamekwenda kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Hayo yamesemwa sana. Mimi nataka tutazame yaliyotangulia fedha, maana hapo ndipo vijiji vingi vinapokosea.

Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani, sehemu za ufuo zikabaki wazi. Mapema miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakaanza kupanda kwa majaribio. Hesabuni wenyewe: takriban miaka 20 ya kupanda, kupima na kuandika ndipo mradi ukazaliwa. Leo tunataka miche ipandwe asubuhi, picha zipigwe mchana, na jioni tuitwe wahifadhi. Huko Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, mikoko mingi iliyopandwa kwa haraka ilikufa, na sababu kubwa ni kwamba ilipandwa pasipoifaa, mahali ambapo maji hukaa muda mrefu mno.

Nani angewaonya? Mama anayechokoa pweza. Yeye anajua maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, hufika wapi na maji mafu, yale yasiyojaa sana, huishia wapi. Anajua kwamba katika aina za mikoko, mlilana husimama mbele ukiikabili bahari, aina inayoitwa mkoko wenyewe ikafuata, na huku juu kwenye chumvi kali utakuta mkandaa na mchu. Mtafiti mgeni asiyemuuliza mama huyu atapoteza miche na miaka.

Ila ujuzi huo peke yake hautoshi, na lazima tuliseme waziwazi. Anayenunua hewa ya ukaa anadai vipimo. Basi twende kwenye tope. Mnapima kiwanja cha mita 10 kwa 10. Kila mti unazungushiwa tepu: miti mingine kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenyewe, kwa vile mizizi yake hutoka juu shinani, sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Mmoja anapima, wa pili anataja, wa tatu anaandika. Maji yanarudi baada ya saa chache, kwa hiyo kosa la daftari halisahihishiki siku hiyo. Kijana aliyemaliza shule ya msingi ataifanya kazi hii vizuri kabisa akifundishwa kwa lugha anayoielewa. Kisha mwambieni kwamba sehemu kubwa ya hewa ya ukaa iko chini ya miguu yake, ndani ya tope. Hapo ataelewa kwa nini kufyeka mikoko hasara yake haiishii kwenye boriti.

Na watu bado wanahitaji boriti na kuni. Gazi walipanda mivinje, miti ya kukatwa badala ya mikoko, ili msitu upumue. Vanga, Jimbo na Kiwegu walipoanzisha mradi wao, walikuwa na mfano huo wa kuufuata.

Kinachoniuma ni vijiji vilivyojaziwa fomu na kuhojiwa nyumba kwa nyumba, halafu ripoti ikaandikwa kwa Kiingereza na isirudi kamwe. Matokeo yasomwe barazani kwanza, kwa Kiswahili au Kidigo, na wazee wapewe nafasi ya kuyapinga.

Nimalizie na walimu wa bara, mnaodhani haya ni ya watu wa pwani. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mpaka Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi ambayo mikoko huvutia pumzi, na miti ikafa. Udongo ule ulitoka juu, kwenye mashamba na miteremko. Naomba kila shule iliyo kando ya mto ipate kipimo cha mvua na daftari moja, na wanafunzi waandike kila asubuhi mvua iliyonyesha na rangi ya maji ya mto. Daftari hizo tuzilinganishe na za wenzao wa ufuoni kila mwisho wa masika.